Nani Alimaye Kusadikika? Nchi za Kubuni katika Riwaya ya Kiswahili na Visiwa vya Chai vya Kericho na Bomet

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuisoma nchi ya kubuni kama pazia. Mwandishi, husemwa, anauchelea mkono wa dola. Kwa hiyo huipeleka hadithi yake angani, ng'ambo ya milima au katika sayari nyingine, na msomaji mwerevu hulisogeza pazia akaiona Tanganyika ya Waingereza au Kenya ya chama kimoja. Usomaji huu umefaa sana madarasani, na haukukosa ukweli. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya udhamini uliosimamiwa na Uingereza, naye mwandishi alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Lakini usomaji wa pazia una dosari moja isiyosemwa mara nyingi. Unadhani kwamba nyuma ya pazia iko nchi halisi, isiyobuniwa na mtu, ambayo inangoja kutambuliwa tu. Ziko sehemu za Afrika Mashariki ambako dhana hiyo haisimami, na mojawapo ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Huko, kilichomo nyuma ya pazia nacho kilitungwa, kikaandikwa, kikatiwa sahihi.

Inafaa kukumbuka asili ya kisiwa cha kubuni katika fasihi ya Ulaya, kwa kuwa hutajwa mara kwa mara katika mihadhara ya nadharia bila kuzingatiwa sehemu yake iliyo muhimu. Kitabu cha Thomas More kiitwacho Utopia, kilichochapishwa mwaka 1516, kinaeleza kwamba nchi hiyo haikuwa kisiwa tangu awali. Ilikuwa imeshikana na bara, mpaka mfalme Utopus alipoishinda na kuamuru mfereji uchimbwe ili bahari ipite. Kisiwa hicho basi ni kazi ya mshindi. Aidha, kabla msomaji hajafikishwa kisiwani, kitabu cha kwanza cha Utopia kinamtaka asikilize malalamiko juu ya Uingereza yenyewe, ambako makabaila walizungushia ua ardhi ya wakulima ili kufuga kondoo wa sufu, hata ikawa kana kwamba kondoo wale wapole wamegeuka wala watu. Nchi njema ya kubuni ilizaliwa ubavuni mwa ardhi iliyonyang'anywa. Wanaomtaja More kama baba wa ndoto za mbali humwondolea nusu ya kitabu chake.

Kericho haina bahari, lakini mfereji ulichimbwa. Ulichimbwa kwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902, na ile iliyoifuata mwaka 1915, ziliifanya ardhi ya Wakipsigis iwe mali ya mfalme ambaye hakuwahi kuiona, na wenyewe wakawa wakaaji kwa hisani katika eneo lililoitwa hifadhi yao. Sheria ya 1915 iliruhusu walowezi wakodishiwe ardhi kwa muda wa miaka 999. Mtu aliyelelewa kwa ngano ataitambua hesabu hiyo mara moja: ni hesabu ya majini na mabinti wa wafalme waliolazwa usingizi, si hesabu ya mkataba. Hata hivyo ilisimama kisheria kwa karibu karne nzima, hadi Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipoishusha miaka ya mkodi asiye raia kuwa 99.

Wa kwanza kuijaribu nchi hiyo ya karatasi hawakuwa watu wa chai. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walitengewa ekari 25,000 karibu na Kericho ili waunde makao yao ya ushirika. Mradi huo ulijulikana kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, BEADOC. Walikusudia kulima kitani, kugawana gharama na faida, na kuishi kwa pamoja kama raia wa jamii ndogo yenye utaratibu wake. Kama ingekuwa riwaya, ingehesabiwa katika fungu la Utopia bila ubishi. Bei ya kitani ilianguka, mradi ukafa mapema katika miaka ya 1920, na ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakiichungia ng'ombe wao. Iliingia katika kilimo cha chai, ambacho makampuni makubwa ya Uingereza yalikianzisha Kericho katikati ya miaka hiyo. Ndoto ilikufa, mipaka yake ikabaki. Hilo lina maana kwa mhakiki kuliko kwa mwanahistoria, maana laonyesha kwamba nchi ya kubuni ikishapimwa na kuwekewa vigingi haihitaji tena mtu wa kuiamini.

Mashamba ya chai yaliyotokea hapo yakawa visiwa kweli. Kila shamba likawa na nyumba zake zilizopangwa kwa safu, zahanati yake, shule yake, duka lake, kiwanda chake, msitu wake wa mikaratusi wa kuchochea tanuri, na njia zake zenye vizuizi na walinzi. Wachunaji walitoka hifadhini Kipsigis, wengine Nyanza, Gusii na Uluhya. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa na kustaafu katika shamba lile lile, lakini siku ya kustaafu akatakiwa kuondoka kisiwani, kwa kuwa hakuwa na haki ya hata kaburi. Juu yake, alasiri, hunyesha mvua ya mawe. Vilima vya Kericho na Nandi vinatajwa miongoni mwa sehemu za dunia zipigwazo sana na mvua hiyo. Chini yake, umbali mdogo kuelekea Litein, Bomet na Mogogosiek, huanza bustani za wakulima wadogo, na rangi ya kijani haibadiliki ingawa nchi imebadilika.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa orgoiik, yaani viongozi wa kiroho wa Wakipsigis waliodhaniwa kuwa chemchemi ya upinzani. Wazee, wanawake na watoto walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa joto, mbung'o na malaria. Hawakushtakiwa mmoja mmoja. Kosa lao lilikuwa nasaba, na sheria iliyowahukumu ilikuwa imeandikwa kwa ajili yao tu, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma.

Hapa ndipo Kusadikika inapopata nguvu ambayo usomaji wa pazia hauwezi kuipa. Kosa la Karama katika riwaya hiyo ni lipi? Si uasi wala wizi. Ni kutaka kuanzisha mafundisho ya sheria. Waziri Majivuno anamshtaki kwa sababu mtu ajuaye sheria ataweza kuuliza. Wahakiki wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970, waliokuwa wakipima kila kazi kwa mizani ya mapambano ya kitabaka, walimwona Shaaban Robert kuwa mwandishi wa maadili, mwenye kuamini kwamba mtawala akiambiwa ukweli kwa ufasaha atatubu. Shutuma hiyo ina msingi: mfalme wa Kusadikika anausikiliza utetezi wa siku sita, kisha haki inashinda kwa hotuba. Lakini ikisomwa Kericho, dai la Karama halionekani tena kuwa la kimaadili tupu. Katika nchi ambayo ardhi ilitwaliwa kwa kifungu cha sheria, ambayo ukoo ulihamishwa kwa kifungu cha sheria, kujua kusoma sheria ni zana kama jembe. Shaaban Robert aliona kwamba ukoloni ni utawala wa maandishi. Si jambo la kushangaza kwa mtu aliyeishi kati ya majalada, na ambaye miaka yake ya mwisho ya utumishi ilipita katika ofisi ya upimaji ardhi huko Tanga.

Pamoja na sifa hiyo, liko swali ambalo Kusadikika hailijibu, nalo ni swali la kwanza ambalo mchunaji chai angeuliza: nani alimaye huko? Msomaji anafahamishwa juu ya mfalme, mawaziri, baraza, gereza na wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata Mbinguni na Ardhini, kutafuta mambo ya manufaa, wakarudi na kufungwa. Anafahamishwa juu ya mashaka ya wananchi. Lakini chakula cha baraza kinatoka shamba gani, na jasho lililokilima ni la nani, hakuambiwi. Nchi ina serikali; kazi haina.

Wengi wamelinganisha Kusadikika na safari za Gulliver za Jonathan Swift, ambazo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Frederick Johnson ilikuwa mikononi mwa wasomaji tangu miaka ya 1930. Katika sehemu ya tatu ya kitabu cha Swift kimo kisiwa kielecho hewani, Laputa. Ulinganisho huishia kwenye kuelea. Ungeendelea mbele kidogo, tofauti ingejitokeza. Laputa inaelea juu ya nchi ya Balnibarbi, nayo inaitawala: watu wa chini wakikataa kutoa kodi, kisiwa husogezwa juu ya mashamba yao kikawazuilia jua na mvua, na wakizidi kukaidi hutupiwa mawe. Swift alijua kwamba kitu kilicho juu hulishwa na kilicho chini, na hadithi yake inamwonyesha msomaji kamba iliyofunga viwili hivyo. Shaaban Robert aliuchukua ule urefu wa kwenda juu, kamba akaiacha. Kusadikika inaelea bila kumwekea mtu kivuli.

Katika Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo cha mwandishi, hali ni ya kushangaza zaidi, kwa sababu riwaya hiyo inahusu matumizi. Mfalme hana mrithi. Makundi ya waganga yanaitwa moja baada ya jingine, ya mizizi, ya makafara, ya mazinguo na mengineyo, na hazina ya nchi inatumika bila simile. Kejeli ni kali na inachekesha. Hata hivyo hazina yenyewe imo katika hadithi kama mvua: ipo tu. Hakuna ukurasa unaomwonyesha mtu akiijaza. Mwishowe mwerevu na mjinga wanatafutwa wachinjwe ili mwana wa mfalme apone, na hapo mwandishi anaugusa ukweli mkubwa kuliko alivyokusudia pengine, kwamba dola hula watu. Ila inawala kama dawa. Haiwali kama wafanyakazi.

Itasemwa kwamba Shaaban Robert alilijibu swali la kazi katika Utubora Mkulima, iliyotoka mwaka 1968. Ni kweli kwamba Utubora anauacha mshahara wa mjini akaenda kulima, na kurasa za shamba lake ni miongoni mwa zile zenye utulivu mzuri kuliko zote katika nathari ya Kiswahili. Lakini kilimo cha Utubora ni fadhila ya mtu mmoja juu ya ardhi isiyogombewa. Mkulima mdogo wa Bomet atamsikiliza Utubora kwa heshima, kisha atamuuliza mazao yake yanapimwa wapi. Tangu kuundwa kwa mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, mwaka 1964, mkulima huyo amekuwa mwenye shamba na mtegemezi kwa wakati mmoja. Jani alilolichuna asubuhi lazima lifike kituoni siku hiyo hiyo, karani analipima, malipo ya kwanza ni kidogo kwa kilo, mengine huja mwisho wa mwaka yakiitwa bonasi, na kiasi cha bonasi hiyo huamuliwa na bei za mnada wa Mombasa, gharama za kiwanda na hesabu ambazo yeye hazifanyi. Kwamba bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya mashariki ni manung'uniko ya kila msimu Bomet na Kericho. Utubora hana mizani, hana karani, hana mnada. Ndiyo maana anaweza kuwa na amani.

Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, ilikwenda mbali kuliko hizo zote. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, aliyepata kuwekwa kizuizini mwaka 1986, na hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba jamii hujengwa juu ya uzalishaji mali. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha kumwangamiza, naye badala ya kuangamia anafika Walenisi, nchi ya usawa. Jina hilo likitenganishwa linasomeka "wale ni sisi", na katika jina hilo peke yake mna nadharia bora ya nchi ya kubuni kuliko katika sura nyingi za uhakiki. Mkangi hakusema kwamba wale ni mfano wetu, wala kwamba wale ni vazi letu. Alisema ni sisi. Msomaji wa Kericho anaweza kulishika neno hilo na kuligeuza upande wa pili: nchi ya karatasi ya 1915 nayo ni sisi, kwa kuwa bado tunaishi ndani yake.

Ugumu wa Walenisi uko kwenye njia. Dzombo anafikishwa na chombo. Usawa anaukuta umekwisha kuwapo. Kazi imekwisha kugawanywa, uchoyo umekwisha kushindwa, na mwenyeji yupo tayari kumweleza mgeni. Maelezo ni mengi kuliko matendo, dosari ambayo riwaya za aina hii huwa nayo tangu More. Kazi yenyewe, ile ya mgongo na vidole, husifiwa bila kutazamwa. Mchunaji chai huchuma majani mawili na chipukizi, siku nzima, kikapu mgongoni, umande ukimlowesha hadi kiunoni, na kila kilo ina bei. Nchi yoyote itakayobuniwa kwa ajili yake itabidi iseme kilo ile itakuwaje. Walenisi haisemi.

Kwa upande mwingine viko visiwa vya kweli, Unguja na Pemba, na huko riwaya ilifanya kazi hiyo. Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, aliliingia shamba la kabaila na kuwaonyesha watumwa wa mshahara na wasio na mshahara; katika Kuli, ya 1979, aliishusha hadithi gatini na kuifikisha kwenye mgomo wa 1948. Magunia ya Kuli yana uzito. Msomaji anajua yanabebwa na nani, kwa ujira gani, na yakianguka yanamwangukia nani. Katika riwaya zilizozoeleka vyuoni, ni shida kuitaja moja iliyoupa mzani wa chai nafasi ambayo Shafi aliipa slingi ya bandarini. Wapo watakaosema kwamba dawa ni nyepesi: zitupwe nchi za kubuni, uandikwe uhalisia wa Kericho. Rai hiyo inapendeza lakini haitoshi. Uhalisia huona mikono, nyumba za safu, kikohozi cha kiwandani. Hauoni kwa urahisi hati ya miaka 999, wala sheria iliyotungwa kwa ajili ya ukoo mmoja, kwa sababu vitu hivyo ni vya kubuni na vinataka mwandishi ajuaye kubuni. Riwaya ya nchi ya chai itahitaji baraza la Kusadikika na gati ya Kuli katika jalada moja.

Lugha ya riwaya hiyo ipo tayari, na ni jambo linalowahusu hasa wanaisimu. Kiswahili kilifika mashambani kama lugha ya kazi. Nyumbani Mkipsigis alisema Kikipsigis, Mluo Kiluo. Penye mizani walikutana kwa Kiswahili, na maneno waliyoyakuta hapo yalikuwa na historia. Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi katika misafara ya Wanyamwezi kabla hajawa msimamizi wa wachunaji. Kipande kilikuwa sehemu ya kitu, kisha sehemu ya kazi aliyokatiwa mtu. Tangu mwaka 1919 na 1920 kikawa hati ya usajili ambayo mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kuibeba katika kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Na hata leo wazee huliita hivyo kadi lao la kitambulisho. Katika neno moja mna jani, siku ya kazi, mwili wa mfanyakazi na uraia wake. Kamusi zinaziorodhesha maana hizo kwa nambari, kana kwamba zilikuja kwa bahati. Mwandishi wa riwaya hangelazimika kutunga istiara yoyote. Angeliacha neno lizungumze katika midomo ya watu mbalimbali, mmoja akilitumia kwa fahari, mwingine kwa chuki.

Wala si kwamba hadithi imekwisha, ibaki kukusanywa tu. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao juu ya Wakipsigis na Watalai kunyimwa fidia, na Agosti 2022 shauri lilipelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Karama, kwa lugha nyingine, amepata mwishowe shule ya sheria, ingawa baraza liko Strasbourg. Kati ya mwaka 2022 na 2024 mashamba makubwa yalikuwa yakiuzwa: moja likapitia mikononi mwa mfuko wa uwekezaji wa Ulaya, kisha kampuni ya Browns ya Sri Lanka ikayanunua ya Finlays na kukubaliana kuyanunua yale yaliyokuwa ya Brooke Bond hapo zamani. Visiwa vilibadili bendera bila kichaka kimoja cha chai kusogea. Na Mei 2023, mjini na mashambani Kericho, vijana walizichoma moto mashine za kuchuna majani, ambazo kila moja hufanya kazi ya watu wengi. Magazeti yaliripoti hasara ya mashine. Katika kisiwa cha More watu hufanya kazi saa sita kwa siku na muda unaobaki ni wao. Kericho mashine ikimwokolea mchunaji muda, anaokolewa pia mshahara na chumba alicholala. Mwandishi atakayeielekeza Walenisi mpya kwenye vilima hivyo atakuta swali hilo likimngoja kizuizini, kabla mlinzi hajamuuliza kipande chake.